Kuvu Iuayo Viwavi vya Mahindi

Wakulima wa Kitale na Bungoma hawajausahau mwaka 2017, kiwavi mgeni kutoka Amerika, aitwaye kiwavijeshi vamizi, alipoingia katika mahindi yao na kuitafuna mioyo ya mimea. Lakini mdudu huyu naye ana adui wake, nayo ni kuvu.

Kuvu hii, ambayo wataalamu huiita Metarhizium, huishi udongoni. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Mbegu ikimgusa mdudu, hunata juu ya ngozi yake, huota, huitoboa na kuingia mwilini. Baada ya siku kadhaa mdudu hufa, na mzoga wake huweza kufunikwa na unga wa kijani, ambao ndio mbegu mpya.

Je, kila kuvu ya namna hii ina nguvu sawa? La. Watu wa Kitale wanalijua neno hili katika mahindi. Mwaka 1964 mbegu chotara ya H611 ilitolewa huko, mzazi mmoja akiwa mahindi ya Kitale na wa pili mahindi ya Ecuador. Nguvu yake ilitokana na urithi wake. Kuvu nayo ina urithi, uliomo katika jeni. Jeni moja huipa gundi ya kumshikia mdudu. Nyingine huivika joho la kuificha, mwili wa mdudu usiitambue. Mwaka 2011 ilitangazwa orodha ya jeni za aina mbili za Metarhizium: moja huua wadudu wengi, nyingine huua nzige na panzi tu.

Kwa sababu hiyo taasisi ya icipe ya Nairobi ilizijaribu nasaba mbalimbali za kuvu katika maabara. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Nasaba ya ICIPE 78 iliua mayai 87 katika kila 100, na ICIPE 41 iliua zaidi ya viwavi 96 katika 100 waliotoka tu mayaini. Lakini viwavi walipokwisha kukua kidogo, ni nasaba moja tu, ya kuvu nyingine iitwayo Beauveria, iliyofaa kiasi, nayo iliua 30 katika 100.

Basi yafaa mkulima akague shamba mapema, mayai yangali majanini. Dawa ya kuvu inyunyizwe jioni, kwa kuwa jua kali huziua mbegu zake; wala isichanganywe na dawa ya kuua ukungu. Tena mkulima asikate tamaa asipoiona mizoga kesho yake, kwani kuvu hufanya kazi polepole.