Je, Wajua? Kisu cha Jirani na Ushungi wa Mandera

Je, wajua kwamba mti ulioipa Mkuyuni jina lake una ndugu katika Kurani na umetajwa wenyewe katika Biblia? Mkuyu ndio aliopanda Zakayo, mtoza ushuru mfupi wa Yeriko, apate kumwona Yesu akipita (Luka 19). Mtini nao umeapiwa mwanzoni mwa Sura ya 95, At-Tin. Wataalamu wa mimea wameiweka miti hii katika jenasi moja, Ficus. Mkuyuni yetu ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, na wakazi wake ni wa dini zote mbili.

Je, wajua kwa nini kuku wa Krismasi mara nyingi huchinjwa na Mwislamu? Katika nyumba nyingi za huku kwetu mwenye sikukuu ni Mkristo, mwenye kisu ni jirani. Kijana huitwa asubuhi, maji ya kunyonyolea yameshachemka. Humlaza kuku kuelekea kibla, akambana mbawa kwa mguu, akasema bismillahi, kisu kikapita. Dini ya mwenye nyumba haimdai sharti hilo. Anafanya hivyo ili Mwislamu atakayebisha hodi mchana ale bila kuuliza nyama hii imechinjwa na nani.

Mwanzoni mwa 2013 desturi hiyo ilitiwa mtihanini. Mzozo wa nani achinje ulizuka Kanda ya Ziwa, na Februari mwaka huo mchungaji mmoja aliuawa Buseresere, mkoani Geita. Naliandika hili kwa uchungu, maana jambo lililowekwa ili watu wale pamoja ndilo lililomwaga damu ya mtu.

Je, wajua kwamba ushungi umewahi kuokoa maisha ya Wakristo? Ilikuwa kaskazini mashariki mwa Kenya. Novemba 2014 wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria kwa dini, wakaua watu 28. Aprili 2015 wakavamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakauliza tena nani Mwislamu na nani Mkristo. Watu 148 walikufa. Kwa hiyo tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera liliposhambuliwa kwa risasi karibu na El Wak, waliokuwamo walijua kinachofuata.

Abiria wakaamriwa wajitenge. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa Wakristo ushungi wajifunike, wasitambulike kwa mavazi. Wauaji wakaambiwa wazi: ama mtuue sote, ama mtuache. Watu wawili waliuawa siku ile, lakini mauaji ya basi zima hayakutokea.

Miongoni mwa waliokataa kujitenga alikuwa Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi. Alipigwa risasi. Akiwa hospitalini aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu wa dini hizi waishi pamoja kwa amani. Januari 2016 alifariki Nairobi akifanyiwa upasuaji. Kisa cha basi hilo kilizaa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Filamu ni njema. Lakini mimi nawafikiria zaidi wanawake wale: muda waliokuwa nao ulikuwa mfupi, na waliutumia kumfunika kichwa mtu wa dini nyingine.

Je, wajua kwamba deni la Waislamu na Wakristo kukingana ni la kale? Mnamo 615 Waislamu wa kwanza, wakiteswa Makka, walivuka Bahari ya Shamu kwenda kwa Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi. Maquraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili wakabidhiwe wakimbizi hao. Najashi akamsikiliza msemaji wao, Jafar bin Abi Talib, akakataa kuwatoa. Habari za kifo chake zilipofika, Mtume alimswalia.

Je, wajua ziwa letu limezika watu bila kuwauliza dini? Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta Ziwa Victoria miili ya waliouawa Rwanda. Upande wa Uganda, wavuvi na wanavijiji waliiopoa wakaizika. Kwenye makaburi ya Ggolo, Lambu na Kasensero wamelala zaidi ya watu 10,000. Mwili uliokaa majini wiki nzima hauna msalaba wala kanzu ya kuutambulisha.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu yetu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia bandari ya Mwanza, mamia wakafa. Wengi walizikwa Igoma, Wakristo na Waislamu katika eneo moja, na hadi leo siku hiyo huombewa na viongozi wa dini zote mbili. Kutoka Mkuyuni hadi Igoma si mbali. Ukiwa Mwanza tarehe 21 Mei, nenda, na jirani yako umchukue.