Ukuta Uliolowa Katika Hesabu ya Kompyuta (Sehemu ya Tatu)

Wiki mbili zilizopita tulizungumzia jua na upepo, na jinsi programu za kompyuta zinavyokadiria joto la nyumba kabla msingi haujachimbwa. Leo tunaingia kwenye maji. Ukuta wa nje ukilowa, chumba kitapoa kiasi gani?

Kanuni ni ile ile ya mtungi unaopoza maji ya kunywa. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto la kilojuli 2,430 hivi. Ukuta wa mita za mraba 12, ukipoteza robo lita kwa kila mita ya mraba kila saa, kwa saa 6 za mchana hunywa lita 18, na kila mita ya mraba huondokewa na wati 170 hivi za joto.

Lakini joto hilo halitoki chumbani lote. Ukuta ukishakuwa baridi kuliko hewa ya nje, hewa hiyo nayo huanza kuupasha, na maji mengi huishia kupoza ua. Kisha kuna mpaka. Kwa kukauka peke yake, ukuta haushuki chini ya joto ambalo kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi kingeonyesha. Hewa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 50, kitambaa husoma nyuzi 24 hivi. Unyevu ukifika asilimia 80, husoma 29. Ndiyo maana mchana mkavu wa Oktoba pale Masasi, chini ya majabali yake, maji yana kazi kubwa kuliko Februari mvua zikiwa zimekolea.

Sasa tuitazame programu yenyewe. EnergyPlus, iliyotolewa mwaka 2001 na Wizara ya Nishati ya Marekani, inatumiwa na wahandisi duniani kote. Kwa kawaida yake hukokotoa joto tu ndani ya ukuta, unyevu hauhesabiwi. Faili la hali ya hewa likisema mvua inanyesha, huufanya uso wa nje ukaribie kabisa lile joto la kitambaa kibichi, hata kama upenu umeukinga ukuta usipate tone. Mvua ikikatika, ukuta unahesabiwa mkavu papo hapo! Aliyewahi kuishi katika nyumba ya miti na udongo anajua kwamba ukuta ulionyeshewa hukaa na ubichi siku nyingi.

Ipo njia ndani ya programu hiyo inayofuata joto na unyevu kwa pamoja. Hiyo hudai kujua tofali linafyonza maji kwa kasi gani, lina vinyweleo kiasi gani, na linapitisha mvuke vipi. Njia nyepesi ni kukokotoa mvuke pembeni, kisha kuiambia programu iondoe joto hilo kwenye uso wa nje. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, kwa kuwa kompyuta haitauliza maji yametoka wapi.

Newala swali hilo haliepukiki. Mji uko juu ukingoni mwa uwanda, ukitazama bonde la Ruvuma. Mchanga wa uwanda hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyefika mwaka 1906, alikuta watu wakiteremka mbali kuteka maji. Tangu miaka ya 1970 Ufini ilisaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi, lakini hadi leo ndoo ya maji uwandani ni kitu cha kutunzwa. Lita 18 kwa ukuta mmoja kila siku ni karibu ndoo nzima iliyobebwa kichwani. Isitoshe, udongo usiochomwa hulegea ukiloweshwa mara kwa mara.

Kwa hiyo, kwa Newala nashauri upenu mpana, chokaa nyeupe na mti upande wa magharibi kwanza. Nawaomba Chuo Kikuu Ardhi na watafiti wengine wa vifaa vya ujenzi wapime tofali za Masasi na udongo wa Newala, wachapishe takwimu hizo, ili anayetumia programu asilazimike kuazima vipimo vya tofali za Ulaya.