Utangulizi: Namba Pamoja na Mipaka Yake

Mfuko wa mawe ya shaba unapofika kwenye depo ya mnunuzi, hapa Likasi au popote pengine Katanga, mtu huyaelekezea mawe hayo kifaa cha mkononi ambacho wachimbaji wamezoea kukiita Metorex. Baada ya muda mfupi namba inatokea: asilimia fulani ya shaba, asilimia fulani ya kobalti. Bei inapangwa hapo hapo. Mchimbaji akiona namba ni ndogo, ubishi unaanza, na aghalabu unahusu namba ile moja tu: huyu anasema ni ya kweli, yule anasema ni ya uongo. Swali lenye manufaa zaidi huwa halijaulizwa bado. Kifaa hicho hicho kikielekezwa upande mwingine wa mfuko huo huo, kitasema nini?

Ndugu wanafunzi, fani ninayowakaribisha imejengwa juu ya swali hilo. Kazi yake ni kupima shaka iliyomo ndani ya kipimo, kuiandika, na kuichora mahali ambapo msomaji hawezi kuikwepa. Mchoro wenyewe ni mdogo: nukta kwenye grafu, na mstari mfupi unaopita katikati yake kwenda juu na chini, mara nyingi ukiwa na vikofia kwenye ncha zake. Tutauita mstari wa hitilafu. Nukta inasema kipimo kilipata nini. Mstari unasema nukta hiyo iaminiwe kwa kiasi gani. Ninachotaka mshike tangu mwanzo ni kwamba mstari huo ni dai, na dai lazima lijieleze. Mstari usiosema unapima nini, afadhali usichorwe.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo roho ya jambo. Chukua mfano wa kubuni. Rundo moja la mawe limechukuliwa sampuli tano, na maabara imepata asilimia hizi za shaba: 3.1, 2.7, 3.4, 2.9 na 3.4. Wastani ni 3.1. Sasa, mstari wa hitilafu uwe na urefu gani? Majibu yako matatu, na yote ni sahihi.

La kwanza ni mkengeuko sanifu, unaoeleza jinsi sampuli zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Hapa ni 0.31. La pili ni hitilafu sanifu ya wastani: mkengeuko ule ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli, yaani 0.31 kwa kipeuo cha pili cha 5, ambayo ni 0.14. Hiyo haisemi habari za mawe moja moja. Inasema wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani kama kazi ingerudiwa. La tatu ni mipaka ya uaminifu ya asilimia 95, ambayo hupatikana kwa kuzidisha hitilafu sanifu. Kwa sampuli nyingi huzidishwa kwa 1.96. Kwa sampuli tano tu kizidisho hupanda hadi 2.78, na mipaka inakuwa 0.38 juu na chini. Anayestahili shukrani kwa kizidisho hicho ni William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Alikuwa akipima sampuli chache chache kama sisi, na mwaka 1908 alichapisha suluhisho lake kwa jina la siri la Student.

Tazama basi: rundo ni lile lile, maabara ni ile ile, lakini mstari waweza kuwa 0.31, 0.14 au 0.38. Anayetaka kazi yake ionekane safi atachora ule wa 0.14 na kunyamaza. Msomaji hana namna ya kumgundua, isipokuwa maelezo yaliyo chini ya grafu yakisema mstari ni wa aina gani na sampuli zilikuwa ngapi. Wala tofauti hii si mchezo wa karatasi. Asilimia 3.1 ya tani moja ni kilo 31 za shaba. Mipaka ya 0.38 inamaanisha karibu kilo 4 juu au chini, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wanabishania kitu kilicho baina ya kilo 27 na 35.

Sasa zana. Katika kurasa hizi tutatumia gnuplot, programu iliyoanzishwa mwaka 1986 na Thomas Williams na Colin Kelley. Haitegemei vitufe vya kubonyeza. Unaiandikia amri nayo inachora. Ni ya bure, ni ndogo, inakubali kompyuta ya zamani, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili la amri ulilolihifadhi unalikuta kama ulivyoliacha. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Amri iliyoandikwa inakulazimisha kusema kila safu ya data ni kitu gani, na msimamizi wako anaweza kuisoma baadaye akajua ulifanya nini.

Andika data katika faili la maandishi matupu, tuliite rundo.dat, safu tatu, kwa namba hizi za mfano:

# siku shaba hitilafu
1 3.1 0.38
2 2.8 0.25
3 3.5 0.41

Mstari unaoanza na alama ya # hausomwi na programu. Ni wako wa kujikumbusha. Kisha toa amri:

plot 'rundo.dat' using 1:2:3 with yerrorbars

Maana yake: safu ya 1 iende kwenye mhimili wa ulalo, ya 2 kwenye mhimili wa wima, na ya 3 iwe urefu wa mstari juu na chini ya nukta. Ukiandika yerrorlines badala ya yerrorbars, nukta zitaunganishwa kwa mistari. Fanya hivyo pale tu unapoamini kwamba kati ya siku ya 1 na ya 2 kulikuwa na kitu kinachoendelea, maana kuunganisha nako ni kudai.

Hapa kuna mtego unaotuhusu sisi wa Kongo hasa. Kompyuta zetu nyingi zimepangwa kwa Kifaransa, na lahajedwali zake huandika 3,1 kwa koma na kutenganisha safu kwa nukta-mkato. Gnuplot isipoambiwa inaweza kuishia kwenye koma na kusoma 3 tu, bila kulalamika. Dawa ni amri mbili kabla ya kuchora: set datafile separator ";" kwa ajili ya safu, na set decimalsign locale "fr_FR.UTF-8" kwa ajili ya koma, ikiwa mpangilio huo wa Kifaransa umo katika mashine yako. La sivyo, badilisha koma ziwe nukta kabla ya kuanza, kama nilivyoandika mimi humu.

Mpaka sasa mstari umekuwa sawa juu na chini. Maumbile hayana desturi hiyo sikuzote, na mfano mzuri tunao nyumbani. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo watafiti wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha utafiti juu ya metali katika mikojo ya watu 351 wa kusini-mashariki ya Katanga. Kwa wale walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia, wastani wa kijiometri wa kobalti ulikuwa maikrogramu 15.7 kwa kila gramu ya kreatinini. Robo ya watu hao walikuwa chini ya 5.27, na robo nyingine juu ya 43.2. Watafiti walisema viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa wakazi wa kawaida.

Angalia umbo la namba hizo. Kutoka 15.7 kushuka hadi 5.27 ni hatua ya karibu 10. Kupanda hadi 43.2 ni hatua ya zaidi ya 27. Mstari wa pande sawa ungedanganya hapa, na ukiurefusha vya kutosha utazama chini ya sifuri, jambo lisilowezekana kwa kobalti wala kwa mkojo. Kwa hiyo tunatumia safu nne:

plot 'kobalti.dat' using 1:2:3:4 with yerrorbars

Safu ya 3 ni mpaka wa chini na ya 4 ni mpaka wa juu, vyote vikiwa thamani kamili: 5.27 na 43.2, si tofauti ya 10 na ya 27. Anayechanganya hayo huona mistari ikienda mahali pa ajabu, na heri yake akiiona. Ongeza amri set logscale y, na mstari wetu unakaribia kulingana pande zote mbili, kwa sababu 15.7 ni karibu mara 3 ya 5.27, na 43.2 ni karibu mara 3 ya 15.7. Data inayokua kwa kuzidisha hutulia kwenye mhimili wa logi.

Kuna vipimo ambavyo hitilafu yake haihitaji sampuli za kurudia, nayo ni vile vya kuhesabu matukio. Jirani yetu Shinkolobwe, mgodi uliogunduliwa mwaka 1915 na ambao urani yake ilitumika katika mabomu ya Marekani ya 1945, unatufundisha hili. Kifaa cha kuhesabu miale ya urani hiyo kikilia mara 100, hitilafu ni kipeuo cha pili cha 100, yaani 10, ambayo ni asilimia 10 ya hesabu. Subiri hadi kilie mara 10,000, na hitilafu ni 100, asilimia 1 tu. Usahihi unanunuliwa kwa muda: ukitaka mara kumi zaidi, subiri mara mia. Gnuplot inakokotoa yenyewe:

plot 'miale.dat' using 1:2:(sqrt($2)) with yerrorbars

Baada ya kuchora kuna kusoma, na hapo hata wakubwa hujikwaa. Mwaka 2005 Sarah Belia na wenzake walionyesha kwamba watafiti wengi waliokwisha kuchapisha katika majarida makubwa walisoma vibaya mistari hii. Watu hudhani mistari miwili ikigusana basi hakuna tofauti. Kwa mipaka ya asilimia 95 si hivyo: inaweza kuingiliana kidogo na bado tofauti ikawa ya kweli. Kwa hitilafu sanifu, kutogusana peke yake hakuthibitishi lolote. Tunarudi kwenye dai letu: kabla ya kulinganisha, uliza mstari ni wa aina gani.

Na kuna shaka isiyoingia katika mstari wowote. Sampuli zote tano zikitoka juu ya rundo, ambako mawe mazuri yamepangwa yaonekane, zitakubaliana vizuri na mstari utakuwa mfupi, huku namba ikiwa mbali na ukweli. Kifaa ambacho hakijalinganishwa na sampuli ya marejeo hukosea kwa upande mmoja kila mara, na kurudia mara elfu hakukisahihishi. Mstari mfupi unathibitisha kwamba vipimo vinakubaliana. Hauthibitishi kwamba vimelenga.

Huhitaji kuwa mwanahisabati ili uingie. Mtu wa metalojia, wa afya, wa kilimo cha mahindi, wote mlango ni mmoja: kipeuo cha pili, wastani, na subira. Anza na grafu moja iliyomo katika TFC yako, yaani kazi yako ya kumaliza masomo. Chini yake andika sentensi inayotaja nukta ni wastani wa aina gani, mstari ni wa aina gani, sampuli ni ngapi na zilichukuliwa wapi. Sentensi hiyo ikikushinda, iache kompyuta, rudi kwenye rundo ukachukue sampuli upya, maana kasoro haiko kwenye grafu.