Je, Wajua? Kuku wa Singida ni Abiria Asiyetoka Jasho

Ukipanda basi la alfajiri Singida mjini kuelekea Dar es Salaam, hasa familia zinaporudi kutoka likizo ya Desemba, huna haja ya kuuliza kama kuna kuku garini. Utamsikia. Yumo kwenye tenga ndani ya buti, yumo kwenye boksi lililotobolewa matundu chini ya kiti, na mwingine amefungwa miguu kwa kipande cha kanga, amepakatwa na mtoto aliyekuwa kwa bibi yake tangu shule zifungwe. Singida ni mkoa wa alizeti, asali na vitunguu, lakini mgeni akitoka huko mikono mitupu bila kuku, nyumbani watajiuliza kama kweli alifika.

Kabla basi halijaondoka, mabishano ni yaleyale.

“Mama, huyo jogoo aende buti.”

“Buti kuna joto, mwanangu. Atakufa huyu.”

Mama ana hoja, na hoja yake imo ndani ya mwili wa kuku mwenyewe. Joto la kawaida la kuku mkubwa ni kati ya nyuzi 41 na 42 za Selsiasi. Binadamu akifikia hapo anakimbizwa hospitali. Kuku ndiyo afya yake. Tatizo ni kwamba hana tezi za jasho. Sisi tukibanwa na joto ngozi inalowa, upepo ukipita tunapoa. Yeye ana njia chache: kupeleka damu nyingi kwenye upanga wake mwekundu kichwani, kwenye ndevu na miguu isiyo na manyoya, kutanua mabawa hewa ipite kwapani, na hizo zikishindwa, kutweta.

Mtazame kwa karibu akitweta. Mdomo uko wazi, ulimi umeinuka kidogo, na ngozi laini ya kooni inapigapiga upesi. Kuku aliyetulia hupumua kama mara 20 hadi 40 kwa dakika. Akizidiwa na joto hupita mara 150. Kila pumzi inaondoka na mvuke wa maji, na mvuke unaondoka na joto. Lakini gharama yake ni kubwa. Maji ya mwili yanapungua, kabonidioksidi inatoka kwenye damu kuliko inavyotakiwa, na uwiano wa asidi ndani ya damu unavurugika. Kutweta kwa dakika kumi ni dawa. Kutweta kutwa nzima bila tone la maji ni kufa polepole.

Tena hayuko peke yake. Kuku wa kilo moja na nusu, hata akiwa kimya, hutoa joto la takribani wati nane. Pakia 30 kwenye tenga moja na umepata wati 240, sawa na balbu nne za zamani za wati 60 zilizoachwa zikiwaka ndani ya buti lililofungwa. Basi likiwa mwendoni hewa hupenya kidogo. Likisimama kwa chakula au kwenye mizani, hewa inalala na joto linapanda. Ndiyo maana wafanyabiashara wazoefu huogopa vituo virefu kuliko kilomita nyingi.

Na njia yenyewe ina mtego. Singida mjini iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye nyanda kavu ambako asubuhi ya Juni au Julai mtu anatafuta sweta. Kutoka hapo basi linateremka, japo si moja kwa moja: Manyoni, Bahi, Dodoma kwenye mita 1,100 hivi, kisha Gairo, Morogoro iliyo kwenye mita 500, Chalinze, Kibaha, mpaka pwani. Ni safari ya takribani kilomita 700, na kila unaposhuka hewa inazidi kuwa nzito. Kutweta kunafanya kazi vizuri kwenye hewa kavu, kwa kuwa maji hukauka haraka. Kwenye hewa ya pwani iliyojaa unyevu, kuku anatweta vilevile lakini hapoi vilevile. Kwa hiyo sehemu mbaya kuliko zote ni ya mwisho, pale abiria wanapoanza kupiga simu kwamba wameshafika Kibaha, foleni ya kuingia jijini imeanza, na mnyama kule nyuma hajanywa maji tangu Singida. Kuku aliyevumilia Manyoni na Dodoma anafia hapo.

Basi la usiku ni rafiki wa kuku. Kwa miaka karibu 30 mabasi ya mikoani nchini Tanzania yalizuiwa kutembea usiku kucha kwa sababu ya ajali, mpaka zuio hilo lilipoondolewa mwaka 2023. Mjadala ulikuwa juu ya usalama wa abiria na biashara, kama ilivyopasa, na kuku hakutajwa. Hata hivyo yeye pia amefaidika: usiku kuna ubaridi, na giza linamtuliza. Macho ya kuku yameumbwa kwa mwanga wa mchana. Anaona rangi nyingi kuliko sisi, pamoja na mwanga wa urujuanimno ambao kwetu haupo kabisa, lakini gizani haoni karibu chochote, hivyo hujikunyata na kunyamaza. Mchuuzi anayefunika tenga kwa kitenge chepesi anaijua siri hiyo bila kusoma kitabu. Anayefunika kwa nailoni anawaziba pumzi.

Sasa tuje kwenye gari. Wasomaji wa makamo watakumbuka mabasi ya zamani ya bara: chasisi ya lori, juu yake bodi iliyochomelewa gereji, ngazi nyuma na keria juu ya paa kwa ajili ya magodoro, baiskeli, magunia na matenga. Lilikuwa lori lililogeuzwa basi, na springi zake zilibaki za lori, ngumu, zilizokusudiwa kubeba tani za mzigo. Juu ya keria kuku alipata upepo wa kutosha, ila alipata pia jua, vumbi na mtikisiko. Mabasi ya kisasa yana springi za hewa, vioo visivyofunguka na kiyoyozi kwa ajili ya watu, na kuku amehamia buti. Amepata ulaini wa safari, amepoteza hewa. Mimi naona katika mabadiliko hayo amepata hasara kuliko faida, maana mtikisiko humsumbua, lakini joto humuua.

Kusumbuka kwenyewe si dhana. Watafiti wa Uingereza miaka ya 1990 waliwapima kuku kwenye majukwaa yanayotikiswa na kuona kwamba wanachukia zaidi mtikisiko wa polepole, ule wa chini ya mara kumi kwa sekunde, ambao ndio hasa gari huutoa kwenye barabara mbovu. Miguu ya ndege ina vipokezi vidogo sana vinavyohisi mtetemo, na hata akiwa amelala kwenye kijiti usiku huhisi mti ukiguswa. Kuna jambo jingine linalomsaidia kwenye kijiti: akichuchumaa, kano za nyuma ya mguu hukaza na vidole vinafumba vyenyewe, akashika bila kutumia nguvu. Tenga la fito linampa kitu cha kushika. Sakafu ya bati ya buti haimpi chochote, na gari likifunga breki kuku wote wanateleza wakalaliana pembeni.

Kama una mtoto safarini na jogoo yuko mapajani, mwonyeshe hili: basi likiyumba, mwili wa jogoo unayumba, lakini kichwa kinabaki palepale hewani. Mboni za kuku hazizunguki sana ndani ya tundu la jicho kama zetu, kwa hiyo shingo ndiyo inayofanya kazi ya kutuliza picha. Sikio la ndani linapima mwendo, misuli ya shingo inajibu papo hapo. Ndiyo sababu pia akitembea anasukuma kichwa mbele kwa vituo. Hata kelele za injini na honi hazimwachii ulemavu wa kudumu kama zinavyoweza kutuachia sisi: mwaka 1988 wanasayansi walitangaza kwamba ndege huotesha upya seli za kusikia zilizokufa ndani ya sikio. Binadamu akizipoteza, hazirudi.

Ila liko jambo moja tunalomfanyia kabla hata hajapanda basi, na hapa nasema bila kuzunguka: kumbeba kichwa chini, miguu juu, wengi kwa mkono mmoja kama mafungu ya mchicha. Tunaona ametulia tukadhani amestarehe. Hajastarehe. Kuku anapogeuzwa hukumbwa na bumbuwazi la hofu, ile hali ya mnyama aliyekwisha kukamatwa. Zaidi ya hapo, hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama sisi. Anapumua kwa mapafu madogo yaliyounganishwa na vifuko vya hewa, kwa kawaida tisa, vilivyotapakaa mwilini, na akining'inizwa, ini, firigisi na utumbo vinashuka na kuvikandamiza. Anabebwa huku akikosa pumzi. Kumbeba wima, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukishika mabawa yasifurukute, hakuongezi gharama yoyote. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawahusu kuku pia, si ng'ombe na punda peke yao.

Msafiri huyu ana historia ndefu ya safari. Asili yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Alifika pwani yetu kwa chombo cha bahari: mifupa ya kuku imetambuliwa katika machimbo ya Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kwenye mji wa biashara uliostawi kuanzia karne ya 7. Kutoka pwani aliingia bara, na kila alipokaa akachukua umbo la mahali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipochambua kuku wa kienyeji wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliorodhesha aina kadhaa: kuchi mrefu mwenye shingo ya kibabe, ching'wekwe mfupi wa Morogoro, na mmoja wa umbo la wastani waliyemtaja kwa jina la mkoa wa Singida. Huyo ndiye tunayemzungumzia: anajitafutia chakula kwenye mashamba ya uwele na mtama, anaokota mchwa, anaongezewa mashudu yanayobaki alizeti ikikamuliwa mafuta. Nyama yake ngumu na tamu imetokana na kazi hiyo ya kutembea kutwa.

Mbali na joto, kinachomwangusha ni kirusi. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na karibu na mji wa Newcastle nchini Uingereza, na ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kumaliza wote. Ubaya wake kwa msafiri ni huu: kuku akishaambukizwa hukaa siku mbili hadi 15 kabla ya kuonyesha dalili. Anapanda basi mzima, macho makavu, upanga mwekundu, na ndani yake amebeba msiba wa banda la shangazi huko Mbezi. Tenga lililotumika jana bila kuoshwa, kinyesi kilichokauka kwenye sakafu ya buti, viatu vya mpakiaji, vyote vinaendeleza safari ya kirusi hata kuku wakishashuka.

Dawa ya kutibu haipo, chanjo ipo, na ni ya bei nafuu. Aina ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, jambo kubwa kwa kijiji cha Mkalama au Itigi kisicho na jokofu. Hapa nchini inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kwa jina la Temevac. Ni tone moja kwenye jicho, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipanga kutoka na kuku Singida, mchanje angalau wiki mbili kabla. Mnyweshe maji ya kutosha asubuhi ya safari, mweke kwenye tenga la fito lenye nafasi ya wote kuchuchumaa kwa pamoja, jogoo wasiojuana watenge, na omba tenga likae karibu na mlango wa buti, lisifunikwe na magunia. Basi likisimama Dodoma au Morogoro, shuka ukawape maji kabla hujanunua chipsi zako. Ukifika, usimwachie mgeni ndani ya banda siku hiyohiyo. Mtenge zaidi ya siku 15, na chombo chake cha maji kiwe chake peke yake.