Kutoka wodini si kupona

Daktari aandikapo kwamba mgonjwa ameruhusiwa, jamaa humshukuru Mungu na kufunga mizigo. Lakini kwa mzee aliyevunjika nyonga au aliyepooza upande mmoja, siku hiyo ni mwanzo wa kazi nyingine. Nani atamgeuza kitandani? Nani atamchotea maji? Dawa zikiisha, atazipata wapi?

Kutafuta majibu ya maswali hayo ni kazi ya Ofisa Ustawi wa Jamii, na katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kazi hiyo si nyepesi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, hupokea wagonjwa kutoka mbali: Wairaqw wakulima, Wabarabaig wafugaji, hata Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Baadhi ya wazee hawakijui Kiswahili sawasawa. Maelezo ya dawa yatolewayo kwa haraka mlangoni huishia papo hapo mlangoni.

Kwa hiyo ofisa hodari hangoji siku ya kuruhusiwa. Mgonjwa angali kitandani, yeye huuliza habari za nyumbani. Humwita yule atakayemtunza mzee, ili muuguzi amfundishe namna ya kumgeuza asipate vidonda. Huwaarifu mtendaji wa kijiji na zahanati ya jirani. Na mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo, humsaidia kupata msamaha wa gharama za matibabu.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliuangukia mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Nyumba nyingi zilisombwa. Kwa majeruhi aliyepoteza nyumba na jamaa, ruhusa ya daktari peke yake haikutosha kumrudisha nyumbani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Makao ya wazee yaliwekwa kuwa njia ya mwisho. Hiyo ni kauli njema. Lakini familia haiwezi kujiandaa kwa mzigo ambao haikuambiwa uzito wake.

Basi ndugu mfanyakazi uliye mjini, baba yako akilazwa, usitume nauli tu. Uliza mapema: Ofisa Ustawi wa Jamii amezungumza na nani wa nyumbani kwetu? Swali hilo laweza kumwepusha mzee na kurudishwa wodini, safari hii kwa vidonda ambavyo vingeweza kuzuiwa.