Kompyuta Moja, Diski Isiyoulizwa

Mute ni kijiji cha wilaya ya Palma, kando ya barabara itokayo Mocímboa da Praia kwenda Palma mjini. Takwimu za afya za vijiji vya namna hii hupita njia ileile karibu Msumbiji nzima: mhudumu hujaza daftari, mwisho wa mwezi hujumlisha kwenye fomu, fomu hupelekwa ofisi ya wilaya inayoitwa SDSMAS, na hapo ndipo karatasi inapokutana na kompyuta. Kwa hiyo mradi wowote wa takwimu za Mute hufaulu au hukwama mezani kwa karani wa wilaya, mbali na Mute yenyewe.

Andiko la mradi, kwa kawaida, limeshaitaja meza hiyo. Limeandika "kompyuta ya mezani, 1", likataja kumbukumbu na kasi ya prosesa, likaendelea na bajeti ya mafuta ya gari. Jinsi diski ilivyofomatiwa haimo. Nimesoma maandiko ya kutosha ya aina hii kuweza kusema kwamba swali hilo huulizwa na mtu mmoja tu, fundi, tena siku ya kufunga programu, wakati wageni wameshakaa vitini wakisubiri mafunzo yaanze.

Mfumo wa mafaili ndio unaoiwezesha diski kujua faili lipi limekaa wapi na nani ana ruhusa ya kulifungua. Kwenye kompyuta za Windows kuna miwili inayotuhusu. NTFS ilikuja na Windows NT mwaka 1993. FAT32 ilikuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95. Mashine nyingi za ofisini zilizoanza maisha na Windows 98, kisha zikapandishwa kuwa Windows XP, zilibaki na FAT32 kwa sababu XP haikumlazimisha mtu kubadili. Ndizo hizo zilizokuja kutolewa kama msaada.

Tatizo hujitokeza pale mashine ya namna hiyo inapowekewa kanzidata, programu ya kutunzia data. Januari 2005 ilitoka kanzidata ya PostgreSQL 8.0, toleo lake la kwanza kufanya kazi ndani ya Windows moja kwa moja. Kisakinishi chake kilikataa kuweka data kwenye FAT32. Fundi angeweza kudhani sababu ni ukubwa, maana kwenye FAT32 faili moja haliwezi kufika GB 4. Lakini PostgreSQL hulikata jedwali kubwa vipande vya GB 1, kwa hiyo ukubwa si tatizo lake. Sababu ya kwanza ni ruhusa. FAT32 haijui mwenye faili ni nani. Yeyote aliyekaa kwenye kiti anaweza kulinakili kwenye flash na kuondoka nalo. Kwa orodha ya wagonjwa wa VVU katika wilaya ambako watu wanajuana kwa majina na kwa nyumba, hilo si jambo la kiufundi tu. PostgreSQL ilikuwa kali hata kwa bosi wa mashine: ilikataa kuwashwa na mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi, ikataka akaunti yake yenyewe isiyo na madaraka.

Sababu ya pili ni umeme. NTFS huandika kwanza kwenye kumbukumbu yake maalumu badiliko inalotaka kulifanya katika mpangilio wa mafaili, ndipo ilifanye. Umeme ukikatika katikati, mashine ikiwashwa husoma pale ilipoishia. FAT32 haina kitu hicho. Aliyefanya kazi na kompyuta hizo anakumbuka kilichofuata baada ya umeme kurudi: ukaguzi wa diski, kisha mafaili mageni yanajitokeza kwenye C, FILE0000.CHK, FILE0001.CHK. Ukilifungua moja kwa Notepad unakuta alama zisizosomeka na katikati yake kipande cha jina la mtu, pengine tarehe. Ni mabaki ya data zilizopoteza mahali pake. Huwezi kuzirudisha kwenye jedwali.

MySQL, kanzidata nyingine, ilikuwa mpole zaidi, na upole wake ulikuwa na gharama. Ilikubali FAT32 bila neno. Kwa mpangilio wake wa zamani, majedwali yote ya InnoDB, mojawapo ya injini zake za kuhifadhi data, yaliingia kwenye faili moja liitwalo ibdata1. Faili hilo likikaribia GB 4, kanzidata inalalamika kwamba jedwali limejaa, ilhali diski ina nafasi tele. Kati ya programu inayokataa siku ya kwanza na inayokubali kisha ikakwama mwaka wa tatu, mradi ukiwa umeshafungwa na ripoti imeshatumwa, naichagua inayokataa.

Waliofanikiwa mapema walianzia kwenye mashine waliyonayo. Mtandao wa HISP, unaoshughulika na mifumo ya taarifa za afya, ulipoingia Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1990, katika mikoa ya Gaza, Inhambane na Niassa, ulileta DHIS, programu ya takwimu za afya za wilaya iliyojengwa juu ya Microsoft Access, ambayo haikujali diski ilifomatiwa vipi. Kenya nako, kituo cha afya cha Mosoriot kilianza na Access Februari 2001, kikiwa na umeme wa akiba. Ndani ya miezi 6 yaliingizwa mahudhurio 10,000 ya wagonjwa 6,190, na muda wa mgonjwa kituoni ukapungua kwa asilimia 22. Watafiti waliandika pia, kwa uaminifu wa kupendeza, kwamba wafanyakazi walipata muda zaidi wa mambo yao binafsi. Kazi hiyo ndiyo iliyotangulia OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004.

Utasema hayo yamepitwa. Tangu Kenya ilipoiweka DHIS2, mrithi wa DHIS, kwenye seva moja ya taifa mwaka 2011, na Msumbiji ikafuata kwa mfumo wake wa SIS-MA, karani anahitaji kivinjari tu. Ni kweli, mradi mtandao upo. Lakini Mute ilishambuliwa na waasi Desemba 2020. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na mawasiliano ya simu yakakatwa siku hiyohiyo. Wilaya ya namna hii inahitaji mahali pa kuweka data wakati seva ya taifa haipatikani, na mahali hapo ni diski ya kompyuta ileile kuukuu.

Kama diski hiyo bado ni ya FAT32, dawa ipo na haina gharama, ila ina masharti. Kwenye XP unaandika amri convert c: /fs:ntfs. Mashine itakuuliza jina la diski kabla ya kukubali, na wengi hukwama hapo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliangalia. Amri ya vol c: italionyesha. Kisha itaomba iwashwe upya, nayo kazi itafanyika kabla Windows haijafunguka. Huwezi kurudi nyuma bila kufuta kila kitu, na umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza diski nzima. Tena diski iliyobadilishwa hivyo mara nyingi hubaki na vipande vya baiti 512, ikawa nzito. Kama kuna muda, ni heri kunakili data nje, kufomati upya kwa NTFS na kuzirudisha.

Kwako unayeandika bajeti ya wilaya kama Palma: kabla hujaandika "kompyuta, 1", mpigie karani aliye pale. Mwombe afungue My Computer, abofye C kwa kitufe cha kulia, achague Properties, akusomee kilichoandikwa mbele ya File system. Mwulize pia kama UPS bado inashika chaji. Majibu hayo mawili yaandike kwenye andiko lako, juu ya mstari wa mafuta ya gari.