Siku Moja Katavi

Umewahi kuona viboko zaidi ya mia katika dimbwi moja? Ukitaka kuwaona, nenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi wakati wa kiangazi.

Hifadhi hii iko magharibi mwa Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1974, na mwaka 1998 iliongezwa ukubwa. Sasa ina kilomita za mraba zipatazo 4,471. Iko mbali na miji mikubwa, kwa hiyo wageni wake ni wachache. Lakini ukiwa Mpanda mjini, unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kijiji cha Sitalike, mlangoni mwa hifadhi, hakifiki kilomita 40 kutoka mjini.

Ondokeni alfajiri, na mwende kwa gari. Usivae nguo nyeusi wala za buluu, maana rangi hizo huwavuta mbung'o. Mbung'o wa Katavi ni wengi, na wanauma kweli! Fungeni madirisha, joto mtalivumilia.

Mto Katuma ndio roho ya Katavi. Wakati wa mvua hufurika, na Ziwa Katavi na Ziwa Chada hujaa maji. Ikifika Septemba na Oktoba, maziwa hayo hukauka yakawa mbuga za majani. Mto nao hubaki madimbwi tu. Nyati huja kunywa kwa mamia. Mamba huingia katika mashimo kwenye kingo za mto, wakangoja mvua.

Na kiboko je? Kiboko hana pa kwenda. Ngozi yake haivumilii jua. Akikaa nje mchana kutwa, hukauka na kupasuka. Basi hujibana na wenzake katika tope, mgongo kwa mgongo. Madume hupigana, na wengine hufa kwa majeraha.

Maji ya Katuma hutoka nje ya hifadhi. Huko juu wako wakulima wa mpunga, nao wana haki ya kula. Lakini mabanio yakizidi, na maji yote yakaelekezwa majarubani, mto huku chini hukauka mapema. Hapo wanaoumia si viboko peke yao. Watu wa chini nao huchota maji katika mto huo huo.

Jioni, kabla ya giza, ni lazima muwe mmetoka hifadhini. Wakati huo viboko nao hutoka majini kwenda kula majani. Kiboko mmoja hula kilo 40 hivi kwa usiku mmoja, kisha hurudi majini alfajiri. Kama unakaa karibu na mto, usichote maji saa hizo. Ukimkuta kiboko nchi kavu, usisimame kati yake na maji. Akishtuka hukimbilia majini, na mtu mwenye mbio hamshindi. Mwachie njia.